Jumuiya Inaporuka Nyumba ya Bibi

Nyasubi, Kahama
Jumatano mchana

Modesta mwanangu,

Nimemkosea bibi yako. Nimeandika hilo kwanza kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Nilimkosea mbele za watu, miaka minane iliyopita, wewe ukiwa darasa la nne. Tangu hapo nimekuwa nikikudanganya kila ukiniuliza kwa nini jumuiya haiji kusali nyumbani kwake. Si kwa sababu njia ni mbaya wakati wa mvua. Si kwa sababu nyumba iko pembeni. Ni mimi.

Sasa hivi wewe na mama yako mko sokoni mnanunua ndoo na chandarua. Mimi niko dukani, nimechana karatasi kwenye daftari la mdogo wako, akiuliza mwambie ni mimi. Kesho alfajiri unapanda basi la kwenda Songea kusomea uuguzi. Mambo ya kula, kulala, kuvaa na wanaume mama yako amekwisha kukuambia, na ataendelea kukuambia mpaka dereva apige honi. Mimi huko sina la kuongeza. Ninalo hili moja, na nimechoka kulibeba.

Jumapili nilipokuja kukuchukua kule Ushirombo, unakumbuka nilimuuliza bibi yako, "Mama, mtoto akiondoka utabaki na nani?"

"Nitabaki na kuku," akasema. "Nitawafundisha Salamu Maria. Jogoo hana shida, kuamka mapema ameshajua."

Wewe ukacheka mpaka ukashika mlango. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi. Yule mama ana miaka sabini na kitu, amesali na watu maisha yake yote, na sasa atabaki anasali na kuku, na anafanya utani. Hata kunilaumu hataki. Angenilaumu ningepumua.

Nikuambie ukweli, bibi yako ananichosha. Umeishi naye tangu kidato cha kwanza, unamjua. Ukimgombeza anakuuliza kama umekula. Ukimnunia anakupikia. Nimezaliwa kwenye nyumba ile, nimesoma mpaka darasa la saba nikitokea pale, na sijawahi hata siku moja kupata ugomvi kamili na mama yangu. Unajiandaa kabisa, unapanga maneno njiani, unafika, anakuambia, "Deo, kaa kwanza, jua kali." Basi, maneno yote yanaisha.

Halafu ile saa tisa yake. Ikifika saa tisa mchana anaacha alichoshika. Kama analima, jembe linalala hapo hapo kwenye tuta. Kama ana mgeni anamwambia, "Nisubiri kidogo, nina watu wa kuwataja." Anaingia ndani, anapiga magoti, anataja majina. Hapigi kelele kama wale wa mikutano. Ukipita dirishani unasikia majina tu, moja moja, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Deogratias. Kimya. Jina jingine. Kimya. Nilipokuwa kijana kitu hicho kilinikera kuliko fimbo. Unatoka zako kwenye pombe, huna shida na mtu, unasikia unatajwa kwa Mungu kwa jina lako la ubatizo zima zima kama mshtakiwa.

Wewe ulipohamia kwake ulimkuta anapigia magoti kipande cha gunia, ukaniambia nimnunulie mkeka. Nikanunua, nikasifiwa. Lakini zamani alikuwa na ngozi ya mbuzi. Ni mbuzi aliyechinjwa siku ya Komunyo yangu ya kwanza. Aliikausha mwenyewe, akaipigia magoti miaka yote mpaka manyoya yakaisha sehemu mbili, pale magoti yanapokaa. Ngozi hiyo niliichukua mimi.

Wakati ule nilikuwa machimboni, upande wa Geita. Tulikuwa watu wanne kwenye duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, na mmoja wetu alikuwa Shija. Ndiyo, Shija yule yule uliyempelekea uji kitandani kwa bibi mpaka akafa. Nitafika huko. Tulichimba mwaka mzima na zaidi. Tunashuka, tunaweka matimba ya miti udongo usituangukie, tunashuka tena. Duara la jirani, hatua chache tu kutoka kwetu, watu wanatoa mawe yenye dhahabu wanaimba. Sisi tunatoa udongo.

Siku moja bibi yako akatokea. Hakupiga simu, hakutuma mtu. Alipanda basi, akapanda pikipiki, akafika na kapu la michembe ya viazi na chupa ndogo ya maji ya baraka. Machimboni pale kulikuwa na mwiko, mwanamke hasogelei mdomo wa duara. Hata mama ntilie aliyetuuzia ugali alikuwa anasimama mbali na kutuita kwa sufuria. Mimi nilikuwa chini. Navutwa juu kwa kamba, natoa kichwa, namwona mama yangu mzazi amesimama mdomoni kabisa na kitenge chake cha kanisani, ananyunyiza maji.

Shija ndiye aliyekuwa ameshika kamba. "Deo," akasema, "huyu mayu ni wa kwako?"

"Ni mama yangu."

"Mwambie atoke hapo kabla sijamtoa."

Mama akamgeukia, akamsalimia. "Mwadila, baba. Unaitwa nani?"

"Shija."

"La ubatizo?"

"Sina."

"Basi Shija linatosha, nitakutaja hivyo hivyo. Shika michembe, umekonda."

Shija akala ile michembe huku amekunja uso. Mama akakaa kidogo, akasikiliza anavyokohoa, akamwambia siku akichoka na hii kazi kwake ni Ushirombo, aulize kwa Mama Deo, hakuna asiyepajua. Halafu akapanda pikipiki akaondoka. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa kazi ile ardhi ilikuwa karibu.

Wiki mbili baadaye maji yakaanza kuingia chini ya duara letu. Wenzangu wakaanza maneno. Mwanamke amesogea mdomoni. Amemwaga maji ya kanisa, na sasa duara linatoa maji. Mali imekimbia. Wewe umesoma baiolojia na kemia, utacheka. Usicheke. Ukikaa shimoni mwaka mzima unaamka unakunywa uji bila sukari na hupati kitu, utampenda mtu yeyote atakayekuonyesha wa kumlaumu.

Tukaenda kwa mtaalamu. Ndivyo tulivyokuwa tunawaita waganga kule, utafikiri wamesomea chuo. Akasema anaona mama anapiga magoti juu ya ngozi, na kila akipiga magoti anaikandamiza dhahabu yetu, inazidi kwenda chini. Nikasema amejuaje habari ya ngozi. Ilinichukua miezi kukumbuka kwamba niliwahi kuwasimulia wenzangu mimi mwenyewe, tukiwa tunakunywa, na nikaigiza na sauti yake. Mtaalamu akatoa masharti mawili. Ngozi iletwe ichomwe mdomoni mwa duara. Na yule mama afungwe mdomo mbele ya watu anaosali nao, na wa kumfunga awe mtoto wa tumbo lake.

Nikaenda nyumbani. Nilifika Ijumaa. Nilitaka kwanza kumaliza kwa amani, nikamkuta anachambua mboga.

"Mama, acha kuniombea."

"Umekula?"

"Mama, nakuambia jambo la maana. Usinitaje tena. Mimi wala wenzangu."

"Na wenzako? Yule Shija kikohozi kimepoa?"

"Sala zako zinatuharibia kazi, unanisikia?"

Akafikiri. Aliacha hata mboga akafikiri. "Kama zinaharibu, basi zinafika," akasema, akaendelea kuchambua.

Mtu gani huyu, Modesta.

Jumamosi alfajiri jumuiya ilikuwa inasali kwake. Unajua zamu inavyokwenda, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo, mpaka izunguke. Bibi yako alikuwa amefagia tangu kuna giza, ametandika mikeka, amepika uji wa ulezi sufuria kubwa ile ya misiba. Wakaja watu kama ishirini. Mzee Bonifasi, mwenyekiti, akasoma Neno. Wakafika kwenye maombi, kila mtu anatoa nia yake. Mama Kulwa akamwombea ng'ombe wake mgonjwa, watu wakacheka kidogo, akasema, "Mnacheka nini, maziwa yake si mnakunywa?" Halafu mama yangu akaomba, mimi nikiwa nimekaa pale pale: "Kwa ajili ya mwanangu Deogratias na wenzake watatu, wasiumie huko chini, ee Bwana." Watu wakaitikia, "Twakuomba utusikie."

Nikasimama. Nayaandika kama nilivyoyasema, kwa sababu nimeyapunguza makali mara nyingi kichwani na hayakupungua.

"Msimwitikie huyu," nikasema. "Huyu haombi. Ameniloga mimi na wenzangu, na dawa zake ziko kwenye ile ngozi anayopigia magoti. Jiulizeni wenyewe ng'ombe wenu wanakufa kwa nini."

Wewe umekulia huku kwetu. Unajua neno hilo likisemwa juu ya mama mzee anayelala peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni, linaweza kumfikisha wapi. Mimi nilijua vilevile. Sikuwa nimelewa, sikuwa mtoto. Nilijua, nikasema.

Mzee Bonifasi tu alisema, "Deo, kaa chini." Sikukaa. Niliingia ndani nikaichukua ngozi, nikapita nayo kwapani katikati ya mikeka yao. Nilikuwa peku. Bibi yako, unajua aliniambia nini? "Vaa viatu, kuna miiba."

Hakuna mtu aliyekunywa uji.

Ngozi tuliichoma mdomoni mwa duara kama tulivyoambiwa. Ilitoa moshi mbaya, tukasubiri. Hakikutoka kitu. Mvua zikaja, duara likajaa maji mpaka juu, tukatawanyika kila mtu na njia yake. Mimi nikarudi hapa Kahama nikaanza kuuza vipuri. Ukiniuliza leo nilipata nini kwa kumfedhehesha mama yangu mbele za watu, sina hata jiwe la kukuonyesha.

Nimekatishwa kidogo. Mteja ametaka cheni ya pikipiki nikamletea taa, amenitazama kama mgonjwa. Tuendelee.

Bibi yako hakuguswa na mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo, na namshukuru Mzee Bonifasi, ambaye alikwenda kwa sungusungu jioni ile ile akawaambia atakayefika mlango wa yule mama na panga apitie kwanza kwake. Hilo nimelijua miaka baadaye, wala si kwa mdomo wake. Lakini hata Mzee Bonifasi hakuweza kuwalazimisha watu wakakae kwenye mikeka ya bibi yako. Zamu ilizunguka, ikafika kwa jirani yake wa kushoto. Kwenye matangazo wakasema, "Jumamosi ijayo tutasali kwa Mama Kulwa," ambaye ni wa kulia. Bibi yako akaitikia Amina kama wengine, akarudi nyumbani. Imezunguka tena na tena hivyo kwa miaka minane. Yeye kwao anakwenda, hawamfukuzi. Anakaa karibu na mlango. Hawampi kuongoza Rozari. Wewe umekaa naye hapo mlangoni ukidhani bibi anapenda upepo.

Uliniuliza mara ya kwanza ukiwa kidato cha kwanza. "Baba, mbona zamu inaruka kwetu?" Nikakuambia ni njia. Uliniuliza tena kidato cha tatu, nikakuambia nyumba ilikuwa ndogo, ndiyo maana najenga kubwa. Na nikajenga kweli. Nikapeleka mabati, tenki la maji, taa za sola. Kila nilichotakiwa kusema nilikigeuza bati. Bibi yako anapokea, anashukuru, saa tisa ikifika anaingia ndani ya nyumba niliyomjengea kukwepa kusema, ananitaja. Unaona ninavyoteseka na mtu huyu?

Sasa Shija. Ulimkuta siku unarudi kutoka shule, kidato cha pili, amelala kwenye chumba cha mbele. Ukaambiwa ni rafiki wa baba anaumwa. Alikuwa anaumwa kifua, vumbi la mawe lilimmaliza. Kwao Singida hawakumtaka, kwa sababu alikuwa hajarudi tangu alipoondoka kijana. Ndipo akakumbuka kwamba kuna mama aliwahi kumwambia pa kwenda. Akaulizia, akafika. Hakujua pa kuanzia, akamwambia mlangoni pale pale, "Mayu, mimi ndiye niliyewasha kiberiti kuchoma ngozi yako." Bibi yako akamwambia, "Ingia, utakohoa vizuri ukiwa umekaa."

Nilikuja kumtazama mara tatu. Mara ya mwisho ulikuwa shule. Ilikuwa inakaribia saa tisa, na Shija akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze.

"Sikiliza," akasema. "Anaanza sasa hivi."

Tukasikia majina kule chumbani. Mimi wa kwanza, kama kawaida. Wewe. Mama yako. Halafu Shija. Halafu, Modesta, akamtaja Mama Kulwa, akamtaja Mzee Bonifasi, akaipitia jumuiya nzima, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio wa zamu. Shija alikuwa anafuata kwa vidole.

"Nimeshazikariri," akasema. "Zamani nilikuwa namchukia kwa hili. Nikiwa chini ya duara, ikifika mchana nahisi kuna mtu ananisema, nakasirika bure. Sasa ikifika saa nane na nusu nageuka upande wa mlango, naogopa asije akasahau."

"Hasahau huyo," nikamwambia. "Ungejua."

"Deo. Kawaambie wale watu. Mimi ningekwenda, miguu imekataa."

"Nitakwenda."

"Lini?"

Nikamwambia apumzike. Baada ya siku kumi akafa.

Msiba wake unaukumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na tano, ukaamka na bibi yako mkapika wali sufuria tatu. Jumuiya walikuja, wakachimba kaburi, wakaimba, wakazika vizuri kabisa. Halafu wakaaga. Hakuna aliyenawa mikono. Ukakaa jikoni unalia juu ya ule wali, ukaniuliza kwa nini hawajala. Nikakuambia ni Kwaresima, wamefunga. Ukaniamini. Mtoto wa kidato cha pili, unajua kabisa siku ile ilikuwa Jumapili na Jumapili hatufungi, na bado ukaniamini kwa sababu ni mimi baba yako niliyesema. Uongo huo ndio ninaouchukia kuliko mwingine wote niliokuambia.

Jioni hiyo, baada ya wewe kulala na machozi yako, nilimfuata bibi yako jikoni. Nikapiga magoti, mtu mzima na tumbo langu. Nikasema, "Mama, nisamehe kwa yale."

"Nilishakusamehe siku ile ile," akasema. "Uji ulikuwa haujapoa."

Nikaanza kulia. Nikafikiri yameisha. Nikawa nainuka, akanishika mkono.

"Deo, yale hukuniambia mimi. Mimi nilikuwa nakujua, ningekuambia kaa chini ule. Uliwaambia wao. Sasa mbona unakuja kuniambia mimi?"

"Mama, ile ni zamani, watu wamesahau."

"Wamesahau, ndiyo maana wali umebaki."

Akaniachia mkono, akasema kwa upole ule wake unaonitia wazimu, "Siku ukipata nafasi, uje jumuiya. Wanasali Jumamosi." Kama vile sijui. Hajawahi kulirudia tena. Ni miaka mitatu sasa. Mimi kila Jumamosi nina mzigo wa kupokea, nina mafua, nina mteja wa mbali.

Unanijua jinsi nisivyopenda kuongea habari za dini, na mama yako huwa ananiita Mkristo wa Krismasi. Sijui sala inafanya nini huko juu, waulize mapadre. Mimi nimeona ya hapa chini tu. Dhahabu haikutoka kwa maji yake ya baraka, na haikutoka kwa ngozi yake kuchomwa. Sisi wanne hatukuumia shimoni, na kwenye duara la jirani wawili waliangukiwa, sasa hilo utalihesabu unavyotaka, mimi nikilifikiria sana nashindwa kulala. Lakini kuna watu ishirini wanaomruka mama yangu kila zamu, na hakuna siku, hata moja, amewaruka wao. Ningekuwa mimi ningekuwa na chuki ya kujaza tenki lile. Yeye hapati nafasi ya kuchukia, kila siku saa tisa inamkuta anawataja tena. Unaweza kudhani ni ujinga wa kizee. Nilidhani hivyo miaka mingi. Shija ndiye aliyenitoa ujinga, na alikuwa mtu ambaye hata jina la ubatizo hakuwa nalo. Alilipata wiki ya mwisho. Aliitwa Deogratias. Bibi yako ndiye aliyempa, hakuniuliza. Sasa akisali anatutaja wawili kwa jina moja na mimi sijui ni lini ananisema mimi na lini anamsema yule marehemu. Nilipomlalamikia akasema Mungu anatutofautisha kwa kikohozi.

Mwanangu, unakwenda kusomea kazi ya kushika wagonjwa. Wataletwa mama wazee kama bibi yako, na wataletwa na watoto wenye haraka kama mimi. Utasikia mtoto anamsemea mama yake maneno pale kitandani, huyu amezeeka vibaya, huyu ana mambo yake. Usimwamini haraka. Mimi nilikuwa na sura nzuri sana siku ile nimesimama kwenye mikeka, na sauti yangu haikutetemeka.

Na wewe siku ukimkosea mtu, maana utamkosea, angalia umemkosea wapi. Ukimkosea jikoni, mwombe msamaha jikoni. Ukimkosea uwanjani, usimfuate jikoni kumnong'oneza ukajiona umemaliza. Nimefanya hivyo, nimekaa miaka mitatu nikijiambia nimesamehewa. Na kweli nimesamehewa. Lakini nyumba yake bado inarukwa.

Sikutaka uondoke bila kujua. Ningeweza kukuambia kwa mdomo jioni ya leo, tukiwa tunakula, lakini ungenitazama kwa macho yale ya bibi yako ningebadilisha habari nikakuuliza kama umeweka vyeti kwenye begi. Soma ukiwa ndani ya basi, ukishavuka Singida, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi. Ukikasirika, kasirika. Ukitaka kukaa mwezi bila kunipigia, mama yako atanipa salamu zako. Usimpigie bibi kumwuliza lolote, atakuuliza kama umekula na simu itaisha salio.

Jumamosi hii jumuiya inasali kwa Mama Kulwa, saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshampa jirani ufunguo wa duka. Nitaondoka Ijumaa mchana, nitalala kwa bibi yako. Asubuhi nitakwenda naye, na nitakaa naye pale mlangoni. Wakifika kwenye maombi nitasimama kama nilivyosimama siku ile, na nitasema hivi: "Mimi Deogratias nilisema uongo juu ya mama yangu Sesilia, mbele yenu. Hakuniloga. Aliniombea, na ngozi niliichoma mimi na wenzangu kwa masharti ya mganga. Ni mimi niliyewatia hofu." Nimeandika nyuma ya karatasi hii mara sita ili nisianze kupamba. Halafu nitamwomba Mzee Bonifasi, hapo hapo kwenye matangazo, Jumamosi inayofuata aitangaze kwa bibi yako. Wakikataa, nitarudi Jumamosi hiyo niseme tena. Na inayofuata. Duka litajiju.

Nimekuandikia namba ya simu ya Mzee Bonifasi kwenye kipande kidogo ndani ya bahasha. Jumamosi ikifika saa nne asubuhi wanakuwa wametawanyika. Mpigie, mpe shikamoo yake, muulize kama nilisimama na nilisema nini. Muulize yeye. Mimi usiniulize.

Baba yako,
Deo